Faili la Kufuli

Mjomba wangu,

Sijui barua hii niipeleke wapi, kwa hiyo nitaiacha ndani ya daftari lako la mashine, baada ya ukurasa ulioandika mara ya mwisho. Kuna jambo la kazi ninalopaswa kukueleza, na kosa ni langu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kufunga ofisi. Saa kumi kamili alasiri mlinzi huzima umeme wote kwenye mita, kisha kila mtu hukimbilia kwake kabla njia hazijafungwa. Wewe hukukimbia. Saa tisa na nusu ulizima kwanza hifadhidata ya watu waliopotezana na jamaa zao, halafu seva pepe, ile mashine uliyoiweka ndani ya mashine nyingine kwa kuwa ofisi ilikuwa na moja tu nzuri, na mwisho ile kubwa yenyewe. Nilikucheka.

"Mjomba, unaziaga kama wagonjwa."

"Cheka tu. Siku we utatoka bila kuaga, asubuhi zitakununia."

Siku hiyo ilikuwa jana. Milio ya risasi ilisikika upande wa Gasenyi, nami nikachukua koti nikatoka. Sikuzima chochote. Mlinzi alikata umeme kama kawaida.

Leo asubuhi nilimkuta Mama Furaha kwenye benchi. Binti yake amepatikana, analelewa na watu huko mlimani, na jina la watu hao limo katika hifadhidata. Msafara wa magari ulikuwa uondoke saa tatu, askari wakishafungua barabara. Bila karatasi yenye jina la mlezi, dereva hampandishi mtu, na hakuna aliyejua msafara mwingine utatoka lini.

Kompyuta yangu ikasema haiwezi kuunganishwa na hifadhidata. Nilibadilisha waya, si kwa sababu nilikuwa na ushahidi, bali kwa sababu kama kosa lingekuwa la waya lisingekuwa langu. Haikusaidia. Ndipo nikafuata utaratibu wako: uliza kwanza kama nyumba ipo, kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Niliiita seva pepe, ikajibu. Basi njia ilikuwa nzima, hifadhidata ndiyo haikuwaka. Nikaiamuru iwake, ikakataa. Ilidai kwamba kuna nyingine tayari inafanya kazi.

Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Iyo mashine imelala ao imekufa?"

"Imelala, mama."

"Basi uiamushe. Mi nimetoka Musaga na miguu, sirudi na maneno."

Shefu, mkuu wetu wa ofisi, alipita, akauliza kuna nini. Nikasema ni umeme.

"Umeme!" mama akacheka. "Na taa inawaka juu ya kichwa yako."

Nilifungua daftari lako. Uliandika: *Hifadhidata ikizimika ghafla huacha faili la kufuli, la kuzuia nyingine isiwake, lenye namba yake. Usifute kabla hujahakikisha kwamba mwenyewe hayuko.* Faili lilikuwepo. Nikatazama orodha ya programu zinazofanya kazi, na namba ile ilikuwemo. Nilikaa mikono mapajani. Kama kweli ilikuwa inafanya kazi nami nikafuta, mbili zingeandika mahali pamoja na kuharibu majina yote. Chini ya ukurasa, kwa kalamu nyingine, ulikuwa umeongeza: *Namba peke yake haitoshi. Tazama jina.*

Nikatazama jina. Mashine ilipowashwa asubuhi, namba ile ilipewa programu ya kuchapisha. Hifadhidata haikuwemo kabisa. Nikanakili folda nzima kwanza, ingawa ilikuwa saa tatu kasoro robo, kisha nikafuta faili lile moja. Ikachelewa, ikisoma upya kazi ya jana, halafu majina yakaja, nikachapisha karatasi.

Mama Furaha alifunga karatasi kwenye pindo la kitenge. Hakunishukuru.

"Ingekuwa imekufa, ungeniambia?"

"Ego, mama, ningekuambia."

"Apana. Ungesema ni umeme."

Akakimbia. Dereva wa ofisi, aliyekuwa pale, ananiambia alipanda gari la mwisho.

Baada ya hapo nilimweleza shefu ukweli. Hakunifokea. Alisema tu kwamba, kwa kuwa nimo ndani ya seva, nifute na akaunti yako. Miezi saba imepita tangu upande gari kwenda kutengeneza mashine ya ofisi ndogo huko juu na usifike, na akaunti ya mtu asiyekuwepo haiachwi wazi. Kwa kanuni za kazi yuko sahihi. Nikaitikia, nikakaa, nikaandika jina lako kwenye sehemu ya kutafuta, na nikagundua kitu.

Akaunti unayo. Fomu ya kutafutwa huna.

Mimi ndiye ninayejaza fomu za watu wote wanaokaa kwenye lile benchi. Yako sikuijaza. Mama yangu aliniuliza mara mbili, nikamwambia bado tunasubiri habari. Niliogopa kwamba fomu ikitoka itarudi na jibu.

Nimeijaza leo mchana: jina, umri, shati la mistari, begi la bisibisi, mahali ulipoonekana mara ya mwisho. Itapanda na msafara ujao. Shefu nimemwambia siwezi kufuta kabla sijahakikisha. Alinitazama, akasema, "Sawa, hakikisha."

Sasa ni saa tisa na nusu. Nazima hifadhidata, kisha seva pepe, kisha ile kubwa. Hizo naziaga moja moja. Wewe sikuagi.

Mimi mpwa wako,
niliye bado kwenye kiti chako