Karatasi za Mlangoni

Jumatatu, 6 Agosti 1934

Wewe utakayekiokota kitabu hiki, nakusihi kwa haki ya Mtume: kila neno lifie kifuani mwako. Usimsomee mtu wa kijiji chetu cha Ole.

Nimebandika tena leo karatasi za majina ya Kiingereza, kwa uji wa muhogo. Door mlangoni. Lamp kwenye taa. Mortar kwenye kinu. Juma lililopita Bwana Mkubwa, Mzungu wetu, aliniagiza bucket afisini, nikasimama kama gogo. Skuli nilifunzwa empire na justice, ndoo sikufunzwa. Jumanne ya wiki ijayo atanipima kwa majina ya vitu vya kila siku. Nikishindwa, ukarani basi. Na Mzee Haji alinikubalia bintiye Zuwena kwa sababu ya ukarani. Naogopa.

Jumatano, 8 Agosti

Chair huhesabika. Furniture haihesabiki, ingawa ni viti vile vile. Nani aliamua? Nimeyasema maneno haya peke yangu njia nzima ya mjini Chake, juu ya baiskeli.

Jioni Bi Time, jirani yetu, alikuja kuomba moto. Akaziona karatasi. Akarudi kinyumenyume. Moto hakuchukua.

Ijumaa, 10 Agosti

Mjukuu wa Bi Time ana homa. Msikitini, aliyekuwa kushoto kwangu alisogea. Nje, mchuma karafuu mmoja akaniuliza mbele za watu:

"Karani, hirizi zile wamfungia nani?"

Nikamwambia ni Kiingereza, najifunza majina ya vitu.

"Jina la nlango! Weye ntu nzima, nlango huujui?"

Wakacheka. Kisha wote pamoja wakarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili, 12 Agosti

Mzee Haji hakuingia. Alisimama kando ya majamvi ya karafuu, akarudisha zawadi za posa, kilemba chake na mkaja wa mkewe.

"Mwanangu Khamis, Zuwena simtii katika nyumba iliyozindikwa kwa hirizi."

Nikizibandua watasema naficha. Nikiziacha watasema nazidisha. Na mtihani keshokutwa. Nimeziacha. Sina akili nyingine.

Mama alikikunja kile kilemba, akakitia sandukuni.

Jumanne, 14 Agosti

Nimefaulu. Bwana Mkubwa alinyoosha kidole, nami nikataja: bucket, hinge, drawer, kettle. Hata furniture sikuitia wingi. Akanipa mkono. Nimethibitishwa kazini, kwa harusi isiyokuwapo.

Nyumbani kuta tupu. Mama amezibandua karatasi zote, akazikosha kwa marashi katika bakuli jeupe, kama kombe la shehe, aya zinazokoshwa zikanywewa dawa. Wino umeyageuza maji buluu.

"Kunywa, mwanangu. Nami nimekunywa. Mambo yetu yafunguke."

Tangu mwanzo nilimweleza kwamba ni majina tu. Kila mara aliitikia. Kumbe naye aliziona hirizi.

Nikanywa. Machungu.

Alhamisi, 16 Agosti

Mjukuu wa Bi Time amepona. Hakuna aliyebadili neno lake.

Nilimwandikia Zuwena kwa herufi za Kiarabu, maana hizi za Kizungu hajui kuzisoma. Nilipokaribia kwao nikaitazama ile karatasi mkononi. Karatasi yenye maandishi, imetoka kwangu, inakwenda mlangoni kwao. Nikarudi nayo.

Basi maneno yake nayaacha hapa, ingawa hatayasoma. Zuwena, usipite barazani kwetu, watakuona. Mchana nipo Chake, afisini, meza ya mwisho. Usiniulizie kwa sauti. Nyumbani, shika njia ya kisimani, pinda penye mdimu, utokee upande wa jikoni. Gonga dirisha la nyuma. Nitajua ni wewe. Mwengine hagongi tena.