Kaburi Chini ya Jiko la Mama

Santa Catarina Lachibeu,
Oktoba, wiki ya kuvuna maharagwe

Mdogo wangu Fidencio,

Pokea salamu zangu, pamoja na za shangazi Hermelinda, ambaye meno yamemwisha lakini maneno bado. Je, huko kaskazini baridi imeshaanza kuuma? Na mgongo wako, unauonaje, kwa kusimama kutwa kwenye jiko la mkahawa? Sisi huku tu wazima. Mvua ilichelewa ila ilikuja, mahindi yamesimama, na ng'ombe wa marehemu Mama amezaa dume jeusi lenye hasira kama zako.

Sasa tafuta mahali ukae, maana habari ni ndefu.

Uliponipigia simu nianze msingi wa nyumba yako pale lilipokuwa jiko la zamani la Mama, nilimwita Tiburcio fundi na ndugu zake. Kabla ya kupiga sururu ya kwanza tulimwaga mezkali, pombe yetu ya mkonge, kuiomba ardhi ruhusa, kama ilivyo ada. Ila Tiburcio alimwaga tone tu, lililobaki akalimimina kooni mwake, akisema ardhi imeshiba mvua mwaka huu. Shimo lilipofika kiunoni, sururu ikagonga jiwe, na jiwe likatoa sauti ya mtungi mtupu. Tiburcio alitoka shimoni akifanya ishara ya msalaba, pombe yote imemwisha kichwani.

Walipolifagia, lilikuwa bamba kubwa lenye rangi nyekundu ukingoni, na chini yake palikuwa na ngazi. Sote tulijua ni nini. Wazee wetu wa kale walizikana chini ya nyumba zao. Tiburcio akanivuta kando. "Dada Natividad, tufunike," akaniambia. "Mwaga zege, jenga juu, funga mdomo. Ukiwaita wale wa mambo ya kale wa mjini, kiwanja cha mdogo wako kimekwenda na maji." Hakuwa akinitisha. Wapo waliofanya hivyo, na wanalala usingizi mnono juu ya wafu. Nami nilitamani, sikufichi, kwa sababu najua umeosha sahani za watu miaka yote hiyo kwa ajili ya nyumba hiyo. Lakini unakumbuka Mama alivyokuwa akimega kipande cha kwanza cha chapati ya mahindi na kukitupa sakafuni, akisema ni cha wenyeji? Mimi nilidhani anawasema panya. Kulipokucha nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote.

Akaja daktari wa mambo ya kale, mwanamke aitwaye Ximena, mwenye kofia pana na subira ya mtu anayechambua mchele. Kaburini alilala mzee mmoja, mifupa yake imepakwa rangi nyekundu, na mifupa ya waliomtangulia imesogezwa ukutani kwa adabu ili apate nafasi. Kumbe familia ilikuwa ikilifungua kila ilipofiwa. Mzee alikuwa kamili hadi vidole, isipokuwa mfupa mmoja wa paja. Tukasema mbwa ndiye aliyeuchukua. Ximena akasema hapana. Hapo kale mrithi wa nyumba aliingia akauchukua mfupa wa paja wa mzazi wake, akatembea nao mkononi ili watu wajue nyumba ni ya nani. Tiburcio akasema basi Fidencio angekamatwa mpakani na paja la mama yake mkobani. Tulicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Baadaye nililia peke yangu, kwa sababu Mama alizikwa wewe hupo, na najua hukupenda iwe hivyo.

Kisha ofisi ya mjini ikataka kuhamisha kila kitu, mifupa na mitungi, eti huku hakuna ulinzi. Ukaitwa mkutano wa kijiji. Niliposimama kusema, Abundio, ambaye ulimi wake unaujua, akanikata. "Keti, mama. Kiwanja ni cha Fidencio, na Fidencio tumemwita mara ngapi aje ashike zamu ya kukitumikia kijiji? Asiyetumikia hana neno hapa. Mwache akaongee na sahani zake." Watu wakacheka, na iliniuma kwa sababu hakusema uongo. Sikuketi.

Hapa ndipo penyewe, na tafadhali usisome ukiwa karibu na mafuta ya moto. Nilisema zamu ya Fidencio naishika mimi, tangu leo, mwaka mzima bila ujira, mlinzi wa kijiji kama walivyo wanaume. Na kwa kuwa sasa nyumba yetu inatumikia na ina neno, nikakitoa kiwanja kwa kijiji, ili wafu wabaki walipo na tujenge kwa mikono yetu sote nyumba ya kuwalinda. Mikono iliinuka karibu yote, hata wa Abundio, polepole, kama anayetaka kujikuna. Ofisi ya mjini imekubali.

Nyumba yako haitajengwa pale, Fidencio. Sikukuuliza, kwa sababu ungekataa, nami ningekutii. Kasirika, una haki. Ila sirudi nyuma. Shamba langu la kilimani, lenye mikonge ya mezkali, ni lako kuanzia sasa, na Tiburcio ameanza kung'oa safu ya juu upate uwanja. Safari hii ardhi nitaimwagia mwenyewe.

Siku ya Wafu nitaweka mshumaa mmoja wa Mama na mmoja wa mzee yule, maana wamekaa jirani muda mrefu. Wasalimie wote unaoishi nao, na uvae soksi nzito.

Ile fimbo ya Baba, aliyoishika alipokuwa zamu, nimeitoa nyuma ya mlango. Ndiyo ninayotembea nayo kijijini kutwa. Tiburcio anaiita paja, na simkatazi. Ukirudi, njoo uiombe; nami nitaangalia kwanza kama nitakupa.

Dada yako akupendaye,
Natividad, mlinzi wa zamu