Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Suti Yako

Baba Atu,

Nakuandikia nikiwa dukani, Mwanjelwa, alasiri. Mvua imekatika sasa hivi na watu bado wamejibanza vibarazani. Mbele yangu kuna sare kumi na nne za kwaya, zinatakiwa Jumamosi, na sijagusa hata moja. Nimechoka. Usianze kuniambia "pumzika, Mama Atu", kama ulivyozoea kusema huku umeshika soksi yenye tundu unataka nikuzibie. Uchovu wa safari hii umetoka kwako, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Suti ile ya harusi ndiyo iliyonichosha. Ya kijivu, koti, kizibao na suruali, suti ya kwanza niliyowahi kushona maishani. Fundi aliyenifundisha kule Iringa alinionya kwamba bibi harusi hamshonei bwana harusi, ni kujitafutia aibu mbele ya watu. Mimi na ubishi wangu nikashona. Bega la kushoto likakaa juu kuliko la kulia, na nilipoliona, usiku wa kuamkia harusi, nililia. Ukaniambia, "Bega likipanda, mimi nitainamisha shingo." Ukaingia kanisani umepinda shingo, na picha zote za siku ile umesimama hivyohivyo, mwalimu mzima wa hesabu, kama mtu anayetega sikio mlangoni.

Kisha kumbuka ulipolala ile mara ya mwisho. Ulikuwa huongei sana tena. Asubuhi moja nikikunywesha uji ukanishika mkono, ukasema, "Ile suti usiitoe." Nikakujibu kwamba utaivaa Pasaka. Ukacheka kidogo, ukafumba macho. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa anayependa vitu vyake.

Nikaitoa, Baba Atu. Afadhali nikuambie mwenyewe. Siku ya kumaliza msiba ndugu zako walikaa mkekani kugawa nguo zako, kama desturi ilivyo, na dada yako Tumpe ndiye aliyekaa katikati. Mimi nilikuwa nimezifua na kuzipiga pasi zote, maana nguo ya marehemu haitolewi na mikunjo mke wake akiwa fundi. Wifi akanyanyua koti, akasema, hili liende kwa baba mdogo, Chunya. Suruali akampa mdogo wako wa Ipogolo. Kizibao akakikunja akakiweka mapajani pake, hakusema ni cha nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nilitaka kusema. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi. Mjane hasemi pale mpaka aulizwe, hilo moja. La pili nalo walijua: mimi kwa wifi Tumpe nilikuwa sina mdomo. Cherehani ninayokalia sasa hivi imetoka kwake, na mkono uliokulisha huwezi kuubishia mbele ya ukoo. Nikanyamaza. Miaka mitatu nimelala na kimya hicho.

Mwaka huu Atu amechaguliwa chuo, atasomea uuguzi. Furaha ilidumu siku mbili. Mkopo aliopata haufiki hata nusu ya kinachotakiwa, na wewe unalijua duka hili, linalisha, halisomeshi. Nilianza kumwambia asubiri mwaka mmoja. Akaenda kupekua sanduku la vitabu vyako, nadhani alikuwa anatafuta pa kulilia. Akatoka na daftari lako la maandalio ya masomo. Kwenye jalada la nyuma, ndani, uliandika kwa mwandiko wako wa mchwa: "Pochi ya bitikoini. Maneno: koti 1 hadi 4, kizibao 5 hadi 8, suruali 9 hadi 12."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Wewe, sijui. Ni zile enzi ulipokuwa ukiwatafsiria watu wa mtandaoni matangazo ya dawa za meno na maelezo ya simu, wakakulipa kwa sarafu ambazo hakuna aliyewahi kuzishika. Nilikucheka wiki nzima. Nilikuambia pesa isiyoshikika itanunua unga usiopikika. Ukanijibu, "Subiri, Mama Atu," kwa ile sauti ya mtu anayeficha zawadi. Atu akanieleza kwamba simu yako iliyokufa si kitu, pochi ya namna ile hufunguka kwenye simu yoyote, mradi uwe na yale maneno kumi na mawili kwa mpangilio wake. Na sarafu zenyewe, akasema, siku hizi zimepanda mno.

Basi nikaanza kuzunguka nchi kutafuta nguo za marehemu. Unaweza kufikiri aibu hiyo? Kumwendea mtu kumwambia, lile nililokupa naomba niliangalie ndani.

Nilianza Chunya, vumbi mpaka kwenye kope. Baba mdogo bado anachimba, mgongo umepinda, mfukoni hamna kitu. Koti lilikuwa ukutani, kwenye msumari. "Mwanangu, huku joto," akasema, "nalivaa msibani tu." Nilipofumua bitana nikatoa kitambaa chenye maneno manne ya Kizungu, umeyaandika kwa maka peni, akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akaliangalia koti, akaniangalia mimi. "Miaka ishirini nachimba porini," akasema, "kumbe dhahabu nimeitundika msumarini." Tukacheka wote wawili, halafu nikashona bitana yake vizuri kuliko ulivyoshona wewe. Maana ulishona vibaya, mume wangu. Ulijificha na sindano yangu ukashona kama mtu anayefunga gunia la viazi. Fundi nililala kitanda kimoja na kazi mbovu kiasi hicho na sikuiona!

Ipogolo shemeji alinipokea kwa wasiwasi. "Shem, usikasirike, ile suruali nimeikata miguu. Ilikuwa inaburuza." Akadhani nimekuja kukagua. Miguu ilikatwa lakini kiuno kilikuwa salama, maneno yalikuwa ndani ya mkanda wake. Tatizo ni kwamba suruali hufuliwa. Matatu yalisomeka, la nne lilibaki herufi mbili za mwanzo. Atu akasema nisihofu, maneno hayo hutoka kwenye orodha inayojulikana, atayajaribu moja moja.

Nilikata tiketi ya Mgololo, kwa wifi Tumpe, mara mbili na mara mbili sikupanda gari. Ulijua tulivyokuwa, mimi na dada yako. Ulijua alivyosema kwenye kikao, mwaka ule tuliompoteza mtoto wa pili akiwa wa miezi saba tumboni: "Kaoa Mhehe, sasa hata mtoto wa pili hapatikani." Nilikuwa chumba cha pili nasikia. Miaka miwili sikumsalimia. Nilikuwa nakanyaga ile cherehani ya zamani na mguu umevimba, nakanyaga na kulia. Mpaka Novemba ile ulipokuja na bajaji, ndani yake cherehani ya umeme bado iko kwenye boksi. Ukasema, "Imetoka kwa dada. Amechangisha ukoo."

Nilikaa chini. Siku chache baadaye nikachukua jogoo na kitenge nikaenda Mgololo, nikapiga magoti mlangoni kwake, nikasema, "Wifi, asante kwa ulichotutendea." Sikutaja cherehani. Nilivyolelewa, zawadi kubwa haitajwi jina lake mbele ya aliyeitoa, ni kama unamhesabia. Naye akaniinua, akalia, akanishukuru kwa lugha ya kwenu, "Ndaga fijo, mwanangu." Tangu siku hiyo kila Krismasi nimemshonea gauni, na kila Krismasi nimerudia maneno yaleyale, na yeye kanijibu vilevile.

Safari hii nilikwenda na Atu. Wifi amezeeka. Kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, tulimkuta jikoni karibu na jiko la mkaa, na juu ya gauni langu la Krismasi, chini ya sweta, amevaa kizibao chako. Nikamweleza habari yote. Akasikiliza. Kisha akakumbatia kifua chake kwa mikono miwili.

"Hiki hakitoki mwilini," akasema. "Nikikivua nasikia baridi ya kaka yangu."

"Basi usikivue, wifi."

Nikasogeza kigoda, nikainua sweta yake, nikafumua upindo wa kizibao kwa wembe kikiwa mwilini mwake. Alishikilia pumzi. "Usinichane, Mhehe wewe." Alikuwa anatania, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania bega langu. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo tangu niolewe. Ananukia moshi na sabuni ya kipande, kama ulivyokuwa ukinukia wewe ukitoka kwake likizo. Kitambaa kikatoka. Maneno manne, safi kabisa. Moja lake, Atu alisema, maana yake ni mbuzi.

Atu akayaandika kwenye simu palepale jikoni. Lile lililofutika akalijaribu, akakosea, akajaribu tena, sisi wawili tukimtazama kama tunaosubiri majibu ya hospitali. Mwishowe akasema, "Mama, imefunguka."

Hakushangilia. Nikamwuliza vipi. Akasema zilikuwa nyingi, lakini zilitoka karibu zote kwa siku moja, zamani. Pochi inaonyesha tarehe. "Novemba, Mama. Mwaka niliokuwa darasa la nne."

Mimi si mwalimu wa hesabu, ila hiyo nilijua kuipiga. Darasa la nne ndipo alipopanda juu ya boksi la cherehani mpya akacheza, ukampiga picha.

Nikamgeukia wifi. Nikamwuliza, taratibu, ile cherehani alichangisha kwa nani na nani.

"Cherehani gani?" akasema.

 Jiko lilikuwa linatoa cheche na hakuna aliyelisogelea. Nikamwambia, ile uliyoniletea, ambayo nimekushukuru miaka yote hii. Akakunja uso, akawa anatafuta kichwani, kwa uaminifu kabisa, kama mzee anayetafuta funguo.

"Mimi sijawahi kukuletea cherehani. Nilijua unanishukuru kwa kumsomesha mumeo. Niliuza pombe miaka saba amalize shule, hakuna mtu aliyewahi kuniambia asante. Ulipokuja na yule jogoo nikasema, kumbe Mhehe ana moyo. Nikaona aibu kwa yale niliyosema."

Baba Atu, sikujua nicheke au nirushe kitu. Nikacheka. Wifi naye akaanza, akacheka mpaka akashika ubavu, halafu tukawa hatucheki tena, tumeshikana tunalia kama siku ya mazishi, na Atu amesimama na simu yake hajui afanye nini na sisi.

Umeniudhi, na nalisema wazi. Mficha uchi hazai, wahenga walijua. Ungeniambia cherehani ni jasho lako, nisingemwogopa dada yako siku ile mkekani, ningesema suti haitolewi, ingekuwa kabatini hadi leo na bega lake limepanda. Badala yake ulichukua kazi yako ya miezi na miezi, ukaiandikia jina la mtu mwingine, ili wanawake wawili uliowapenda wasalimiane. Na tukasalimiana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba lilifanya kazi. Mimi nilisimama na mguu ukapona, na yeye akapata shukrani aliyoingoja maisha yake yote, na wewe hukupata hata asante. Nilikuwa nakuwekea chai na kuanza kumsifu dada yako, unakumbuka? Unatikisa kichwa tu, unapuliza kikombe.

Makombo yaliyobaki kwenye pochi, kwa jinsi yalivyopanda, yatamwanzisha Atu chuo, ada ya mwaka wa kwanza na godoro. Inayofuata itatoka hapa, kwenye cherehani hii. Kwa hiyo mgongo wangu haujapata likizo uliyoniahidi, nami sijaipata pesa ya kupumzika niliyoiota njia nzima ya Chunya. Nilipopanda gari kurudi Mbeya nililala mpaka Uyole, Atu ndiye aliyeniamsha.

Sijui asubuhi ile ya uji ulikuwa unaongea habari ya makombo hayo au habari ya suti yenyewe. Nimeamua ni suti. Nina haki ya kuamua, niliishona mimi. Ila sikuirudisha. Koti linamfaa baba mdogo misibani, na suruali imeshakatwa miguu. Wifi alitaka kuvua kizibao anikabidhi, akasema ni mkono wangu uliokishona. Nikamwambia akae nacho. Nikamshonea upindo akiwa amekivaa, na kabla sijaufunga nikarudisha kile kitambaa chako mahali pake, chenye mbuzi wako ndani. Akasema sasa ndiyo joto limetimia.

Krismasi nitakwenda tena na gauni. Nitapiga magoti palepale mlangoni, hata kama goti siku hizi linalalamika, na nitamwambia asante. Safari hii nitaitaja: asante kwa kuuza pombe miaka saba ili kaka yako ajue kusoma. Halafu nitarudi hapa dukani, nitakaa kwenye kiti hiki, nikanyage pedali ya umeme, na ya kwako nitakuambia mwenyewe, kwa jina lake.

Asante kwa cherehani, Baba Atu.

Ngoja nianze hizi sare za watu.

Mkeo na fundi wako,
Mama Atu