Kipaza Sauti cha Harusi ya Swaumu

Jumamosi, 3 Agosti 1974
Nimezunguka maduka yote ya Korogwe kutafuta redio ya gari. Kichefuchefu! Kwa bei wanayotaka ningepata injini. Muuzaji mmoja alichungulia Fokswageni yangu ya abiria, ya mwaka hamsini na nane, akauliza kama bado inatembea. Nikamuuliza, kwani mimi nimeletwa hapa na upepo?

Lakini Swaumu ni mwanangu wa pekee. Anaolewa mwezi ujao, kabla ya Ramadhani. Nimemwahidi gari litakalosikika njia nzima hadi Handeni.

Jumanne, 6 Agosti
Kwa fundi Gregori, Korogwe ya zamani, karibu na mto. Ana redio iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Panya wamezalia ndani — uvundo! Tena ni ya volti kumi na mbili, gari langu sita. Gregori kanishauri ninunue gari jingine. Mshenzi.

Kisha akavuta chini ya meza kipaza sauti cha gari la sinema, lile lililokuwa likizunguka vijijini. Mdomo mpana, kutu, mavi ya popo. Kina maikrofoni na mashine ndogo inayotumia betri nane za tochi, haigusi betri ya gari. Na ni rahisi. Nimekichukua. Wanawake wataimba ndani ya gari, dunia nzima isikie.

Alhamisi, 8 Agosti
Kimefungwa juu ya paa. Mke wangu Mwantumu kaimba kidogo kukijaribu. Sauti ya mtu aliyebanwa pua! Mtaa mzima ulicheka. Mimi nikamlaani Gregori. Swaumu kacheka hadi machozi, akasema, baba, hichohicho.

Haya. Sasa betri hakuna. Duka la ushirika wanasema mwezi wa kumi, labda. Labda!

Jumapili, 11 Agosti
Asubuhi kaja katibu kata, Bonaventura. Mgeni huku, suruali imenyooka kwa pasi. Kwapani katoni nzima ya betri! Nikadhani zawadi ya harusi. Mjinga mimi.

Eti, Ndugu Sadala, gari lako ndilo pekee lenye kipaza sauti, tunalihitaji siku tatu. Kwenda kutangaza upande wa Handeni: wanaoishi mmojammoja mashambani wahamie kijiji kipya kabla ya Jumamosi. Atakayebaki, nyumba itabomolewa. Nikasema gari bovu. Akasema, basi na leseni yako ya abiria tutaipumzisha. Huku anatabasamu!

Mama anaishi upande huo. Nyumba yake, michungwa yake, kaburi la baba uani. Nimesema ndiyo.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimeshinda naendesha, yeye anatangaza. Watu wakamtazama kama muuza dawa ya kunguni. Jioni kasema: kesho utasema wewe, kwa Kizigua. Mimi hawaniamini, wewe ni wao.

Wewe ni wao! Nilitema mate chini. Halafu akaagiza wali na nyama, nikala. Hilo ndilo linalonichafua moyo kuliko yote. Nilikula, nikaomba niongezwe.

Jumanne, 13 Agosti
Naandika nikiwa kwenye usukani. Tangu asubuhi nimesema mimi. Mahali pa kwanza walinung'unika. Pa pili mzee mmoja alitaja jina la babu yangu, akanipa mgongo. Bonaventura anasema nina kipaji. Kipaji, pfu!

Sasa tuko kwa mama. Nilitaka kupitiliza. Bonaventura akagonga karatasi kwa kidole — hapa napo pamo kwenye orodha.

Mama katoka mbio. Ameitambua sauti yangu tangu bondeni, maneno hakuyapata. Swaumu alishamtumia habari za kipaza sauti, kwa hiyo anadhani nimekileta akione kabla ya harusi. Shikamoo yangu kaijibu kwa kigelegele! Kaingia ndani kubadili kanga. Katandika mkeka karibu na kaburi la baba, penye kivuli. Kawaita jirani zake wote: njooni mumsikilize mwanangu. Wanakuja. Mmoja kabeba kigoda kichwani.

Bonaventura kabadilisha betri. Ananinyooshea maikrofoni. Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anasema nimeandika ya kutosha.

Wamekaa. Watoto wanapiga kelele. Mama anawanyamazisha, anasema kimya, mwanangu anaanza