Kamera Ndogo na Bango Jipya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha barazani, goti limetulia na hasira hazijapanda. Mama hajambo? Mwambie vidonge vya presha humezwa, haviwekwi mezani vikatazamwa. Huku sisi wazima kabisa. Mume wangu anakwenda ofisi ya maji asubuhi na kurudi jioni na malalamiko ya mji mzima. Studio tunaifungua saa mbili kamili kama ulivyotuzoesha, pazia la buluu nimelifua, na ile stuli yenye mguu mfupi bado tunaiwekea kadibodi.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, kwenye simu mimi nikifika sentensi ya pili wewe umeshafika ya tano. Barua huwezi kuikatiza. Na jambo lenyewe linataka mtu asikilize mpaka mwisho ndipo apige kelele.

Jumanne alikuja mwandishi wa mabango, ngazi begani, akaanza kupima ukuta juu ya mlango wetu. Nikamuuliza katumwa na nani, akasema katumwa na wewe, na maneno ameyaandika kwenye daftari lake asiyasahau: Mzee na Mkwe, Wapiga Picha. Niliomba daftari nikasoma mwenyewe. Kesho yake ikaingia barua yako. Ulisema umeziona picha za sherehe ya Shangazi ya kustaafu uuguzi, kwamba mkweo sasa ameiva, na kwamba mwisho wa mwezi utakuja kumkabidhi studio mbele ya watu. Nimemwomba yule bwana asifungue kopo la rangi mpaka nipate neno lako. Nawe nakuomba usimruhusu kabla hujafika chini ya barua hii. Sababu haina njia ya mkato, kwa hiyo niache nianzie kwenye kamera.

Ile kamera kubwa uliyoniachia ulipostaafu ilianza vituko mwaka jana. Picha moja inatoka nzuri, ya pili inatoka na utepe mweusi chini, ya tatu nusu yote giza. Nilimpiga mwalimu mkuu mmoja picha ya kitambulisho, ikatoka nusu mwalimu nusu usiku, naye akaniuliza kama hayo ndiyo maoni yangu juu ya uongozi wake. Nikaipeleka kwa fundi wa kamera, yule mwenye chumba juu ya duka la vitambaa, mwanamke asiyecheka mpaka anywe chai. Aliifungua, akaangalia, akasema imeshapiga picha zaidi ya laki mbili, kioo cha ndani na pazia linalopitisha mwanga vimechoka, na vipuri havitengenezwi tena. Akaniambia mlio wake ndio umebaki mzima. Inalia vizuri kuliko inavyofanya kazi. Nilitaka kumwambia nina jamaa wa namna hiyo.

Yeye ndiye aliyenishauri nisitafute nyingine ya aina ile. Alinieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutumia dawa. Katika kamera yetu kubwa, ukichungulia unaona kupitia kioo, na kila ukipiga kile kioo kinaruka juu kupisha mwanga. Ule mlio wa kacha tunaousikia sehemu yake kubwa ni kioo kinachoruka. Hizi mpya hazina kioo ndani. Ukichungulia unaona skrini ndogo sana, na picha unaiona kama itakavyotoka, na giza lake na mwanga wake, kabla hujabonyeza. Kwa kuwa hakuna kinachoruka, mwili wake ni mdogo, na ukitaka inapiga kimya kabisa. Akaniazima tatu, kila moja siku mbili, nichague mwenyewe.

Ya kwanza ilikubali lenzi zako zote kwa kuvishwa pete katikati, na hapo nilifurahi. Lakini na lenzi zile ilirudi kuwa nzito vilevile. Nilikuwa natua mzigo ili nibebe mzigo, na bega langu la kulia lilinitumia salamu usiku kucha. Ya pili ilikuwa nzuri kwa sura, ina vigurudumu juu kama kamera za filamu za ujana wako, kila aliyeingia studio alitaka kuishika. Tatizo lake kila jambo lilitaka vitufe viwili na akili tatu. Aliletwa mtoto mchanga analia. Nilipomaliza kutafuta mwanga alikuwa ameshanyamaza, amelala, mama yake naye amesinzia. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, inaingia mfuko wa aproni yangu. Skrini yake inainama, nikampiga picha mtoto anayetambaa bila mimi kupiga magoti. Inatafuta jicho la mtu yenyewe na kulishika. Kasoro yake ni betri, zinakwisha kama sukari kwenye nyumba yenye wageni, sasa natembea nazo tatu. Na mikononi mwako ingepotea, Baba, sikufichi. Mikononi mwangu ilikaa. Nikaichukua.

Utakumbuka nilikuonyesha ulipokuja kupimwa goti. Uliipima kwa kiganja, ukaigeuza, ukaniuliza poda yake iko wapi. Ukasema hakuna mtu mwenye akili zake atakayekaa wima mbele ya mwanamke aliyeshika kikopo cha poda, na ukaniagiza niitengeneze ile kubwa. Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nilikuambia sawa, nitaitengeneza. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na nakuomba radhi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki ile ile ulionekana una haki. Nilikwenda kupiga picha ya walimu wa shule ya msingi, arobaini, safu tatu, jua la saa nne. Nikawapanga, nikahesabu, nikapiga kimya, nikawashukuru. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamebana pumzi wanasubiri kacha. Nikawaambia nimeshapiga kumi na mbili, wakacheka wakidhani natania, kisha wakaacha kucheka. Mwalimu wa muziki aliuliza kwa sauti kama mpiga picha mwenyewe yuko njiani. Nilipowaonyesha picha, kweli zilikuwa kali, kila jicho limeonekana, lakini watu arobaini walikuwa wameduwaa kama waliosimamishwa na polisi. Nilirudi nyumbani nimenuna. Mume wangu alisikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema ana wazo.

Sasa Baba, kaa vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na bango.

Kwenye sherehe ya Shangazi mkweo hakupiga hata picha moja. Ile kamera kubwa aliyoivaa shingoni, ambayo watu walikusimulia jinsi alivyoishika kwa heshima, ilikuwa na betri ya kuiwezesha kulia na haikuwa na kadi ya kuhifadhia picha ndani. Si hivyo tu. Kifuniko cha lenzi hakikutoka tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho. Dereva mmoja mstaafu wa gari la wagonjwa alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba amesahau kufunua. Mume wangu akamjibu kwamba aina hii huona hivyo hivyo. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema kweli dunia imekwenda mbele.

Kazi ya mkweo ilikuwa kusimama mbele, kuhesabu na kuliza kamera. Wauguzi wote wanakaza shingo, yeye anabonyeza, kacha, wote wanashusha pumzi. Wanageukiana, wanarekebisha kofia, wanachekana. Ni hapo, Baba, wakiamini kwamba picha imekwisha, ndipo mimi niliyesimama pembeni na kikopo changu cha poda nilipokuwa nikiwapiga, kimya. Shangazi hajawahi kucheka kwenye picha, wewe mwenyewe unajua, hata ya harusi yake amekaa kama shahidi wa kesi. Siku ile baada ya kacha mkweo alimuuliza kama sasa amestaafu atamchoma nani sindano, Shangazi akaangua kicheko, mkono tumboni, kiatu kimoja kimevuka. Ile picha uliyosema umeiweka kando ya kitanda ndiyo hiyo. Niliipiga mimi. Zote nilizipiga mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama kando ya mashine ya kusafishia picha. Uliandika kwamba aliyepiga hizi amejua kungoja, na kwamba kungoja hakufundishwi, mtu huzaliwa nako. Nilifurahi kama mtoto. Miaka tisa nakuletea kazi, nawe unasema nzuri, unageuza nyingine. Sijawahi kupata hata nusu ya maneno yale. Kisha nikafika kwenye jina, nikakuta si langu. Nililia, Baba. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kucheka kuliko wote.

Usimlaumu mkweo. Aliposoma barua ile aliiweka mezani akakaa muda mrefu bila mzaha, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Akaniambia yeye yuko tayari kusifiwa kwa maji aliyofungua mwingine, ofisini kwao wote huishi hivyo, lakini kwa picha za mke wake hapana. Akanipa siku tatu niandike, la sivyo angekupigia yeye. Leo ni ya tatu. Wa kulaumiwa ni mimi. Ningeweza kusema siku ile ile watu walipoanza kumpa mkono, nikanyamaza, kwa sababu kazi zilianza kumiminika na kwa sababu nilikuogopa. Nilikuwa nadhani ukijua zimetoka kwenye kikopo hutaziona tena, utakiona kikopo tu.

Na kabla hujasema nimewadanganya watu, niruhusu neno moja la utovu wa adabu. Ni nani aliyekuwa akiwapiga watoto watundu picha mbili za kwanza bila filamu, ili watulie, ndipo apakie? Nilikuwa nimekaa kwenye kikapu cha nguo za kuazima, naona kila kitu. Mwizi wa mbinu ni mimi, lakini duka nimeliibia nyumbani.

Ulikuwa ukisema studio haiachiwi binti kwa sababu ataolewa aende kwao. Nimeolewa, Baba, na keshokutwa yake nilikuwa hapa saa mbili kamili. Mlango huu naufungua mimi. Mume wangu akiuliza swichi ya taa ya nyuma iko wapi, ananiuliza mimi. Sitaki umkabidhi mtu ambaye ataniomba ruhusa ya kuingia.

Kwa hiyo nakuomba, njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga. Nina kazi Jumamosi ya wiki hiyo, wahitimu wa chuo cha ushonaji, sitini na wawili. Kaa pembeni na fimbo yako utazame. Kamera kubwa itakuwepo, italia, na mkweo ataivaa kwa kuwa anaipenda kazi hiyo kuliko maji. Kisha utazame ninachofanya baada ya mlio. Ukiona sijui kungoja, niambie palepale, nami nitamshikia mwandishi wa mabango ngazi apandishe maneno unayoyataka. Ukiona najua, mwambie aandike Mzee na Binti. Nimeshampa vipimo. Amesema maneno hayo yanaenea ukutani bila shida.

Msalimie sana Mama, na usimgombeze. Siku ya sherehe, wewe ukiwa nyumbani na goti, yeye alikaa benchi la mbele na kifuniko alikiona tangu kacha ya kwanza. Aliniuliza kwa macho, nikamjibu kwa macho, na tangu siku hiyo amekusikiliza ukimsifu mkweo asubuhi na jioni, akakumiminia chai bila kusema neno. Mkweo anakuamkia, anasema akija kwako ataleta kamera kubwa akuonyeshe ufundi wake. Majirani wa duka la vitambaa nao wanakusalimu. Jitunze, funga goti usiku, na unijibu kwa barua nami nisiweze kukukatiza.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Mpiga picha