Dada Amepumzika

Ol Kalou,
3 Machi 2024

Shemeji Joram,

Ni miaka kumi na sita na wiki kadhaa tangu niiache Kisumu, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayoituma huko. Natumaini uzima upo kwako, kwa Charity na kwa watoto. Mimi ni mzima, ila masikio. Kwenye simu nasikia mvumo tu, kama mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Ndiyo maana nakusumbua na karatasi za kubebwa na basi.

Asante kwa kumpokea Benta. Mke wangu hakutaka kutibiwa Nakuru. Alisema Kisumu atakuwa anaugulia kwao. Mionzi ya koo huchoma kuliko kansa yenyewe, kwa hiyo uji uchujwe mara mbili, upoe kabisa, na mto wake uinuliwe. Ukimwona anasokota leso mkononi, ujue maumivu yamemzidi. Mwenyewe hatasema.

Unaniuliza nitakuja lini kukaa naye. Kila jioni naipanga safari, na kila asubuhi naipangua. Duka langu la vitabu huko lilichomwa katika ghasia za uchaguzi na watu waliokuwa wakiazima vitabu humo humo. Mwambie bado najikaza.

Shemeji yako,
Ndirangu


Obunga, Kisumu,
24 Machi 2024

Shemeji Ndirangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tuko wazima, samaki tu ndio wamepungua. Usikasirike kwamba nimenyamaza; Kiswahili cha kuandika kinanitoa jasho kuliko kuvuta nyavu.

Wiki hizi zimekuwa mbaya. Dada hakuwa analala, hakuwa anameza, hata mate alitemea kwa kikombe. Aliuliza tu kama Baba Wendy amefika. Charity akamdanganya eti gari lako limeharibikia Kericho. Dada akacheka kidogo, akasema, "Hilo gari ni la mwaka gani?"

Lakini jana dada amepumzika. Maumivu yamekwisha, uso umelainika kama wa msichana. Charity alilia, na mimi pia. Tumemshukuru Mungu. Sasa tunangoja neno lako: tumpeleke Asembo kwa baba, ama utamchukua wewe? Uamuzi ni wa bwana yake.

Shemeji wako,
Joram


Ol Kalou,
29 Machi 2024

Ndugu yangu Joram,

Leo sina salamu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama langoni, na sikumbuki nilivyoingia ndani. Wendy bado sijamwambia. Yuko kazini Doha, na nataka kwanza nijue kaburi la mama yake liko wapi.

Mzikeni Asembo, mahali ambapo maji yanaonekana. Miaka yote hapa alilalamika kwamba milima imemziba macho. Ni afadhali alale kwa watu wake kuliko katika kijishamba hiki cha wakimbizi, ambacho hata mimi ni mgeni ndani yake.

Msiningoje kwenye mazishi. Sitaweza. Kikombe chake sijakiosha.

Shemeji yako,
Ndirangu


Obunga, Kisumu,
7 Aprili 2024

Shemeji,

Sijui nikusalimie vipi. Dada hajafa. Niliandika amepumzika kwa maana amepata usingizi. Dawa mpya ya maumivu ilimshika vizuri. Nilikuwa nauliza akimaliza mionzi akapatie nguvu wapi, kwenu ama Asembo. Kosa ni la Kiswahili changu.

Lakini barua yako aliipokea yeye. Anaujua mwandiko wako, akaifungua kabla nirudi kutoka sokoni. Nilimkuta anaisoma mara ya pili. Ulimaanisha huruma, najua. Lakini kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake. Anayerudishwa huko ni yule aliyekataliwa.

Vidole vyake vimekufa ganzi, kwa hiyo naandika anavyosema:

"Baba Wendy, nimesoma mazishi yangu. Umeyapanga vizuri, hata maji umekumbuka. Mwaka ule niliwaambia watu mlangoni kwamba umekufa, na wewe uko chini ya kitanda, ili uishi. Madaktari wamebakisha wiki mbili za mionzi. Sikuombi unizike. Njoo uketi hapa unichujie uji, Charity anauacha na chembe. Kisha tutoke pamoja. Usipokuja, mionzi hii sitaimaliza, maana sijui naimaliza niende wapi."

Hatanii, shemeji. Leo amekataa kwenda hospitali.

Joram, ndugu ya mkeo


Ol Kalou,
13 Aprili 2024

Shemeji Joram,

Msomee Benta barua hii polepole.

Mama Wendy, Mungu akushike. Alhamisi nilipanda gari. Nilivaa sweta uliyonifumia na kununua kichujio chenye matundu madogo kuliko kile cha nyumbani. Kericho nilifika salama. Ahero, Kisumu ikiwa karibu, gari liliposimama, mama mmoja muuza maji alinipa chupa dirishani, akakataa pesa, akasema, "Karibu nyumbani, mzee." Hakuwa na ubaya wowote. Suruali yangu ikalowa mbele za abiria. Nilishuka, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi.

Neno la Asembo nalifuta. Hukukataliwa. Kitanda ni chako, boma ni lako, hata kama ni la wakimbizi. Kichujio nakituma pamoja na barua hii. Charity amimine kidogo kidogo, asisukume na kijiko. Nenda hospitali, Benta. Nakuomba nikijua kwamba sina haki ya kukuomba, na kwamba usipoenda nitakuwa nimekuzika mara mbili.

Usiniwekee kiti. Sitarudi Kisumu.

Mume wako,
Baba Wendy