Sifuri za Kadundo

Nairobi, 11 Machi 1996

Kwako dada Rehma,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, masomo yanabana. Mama anaendeleaje na miguu? Na wewe hapo Migosi?

Nimefurahi mradi wenu wa afya umekukabidhi kompyuta. Nakutumia disketi mbili. Humo mna maktaba. Si ya vitabu, ni kazi za hesabu walizokwisha kuandika watu wengine. Nakili faili zote za disketi ya kwanza, uziweke mahali palepale penye programu yako. Halafu juu kabisa ya programu itaje maktaba kwa jina. Ukishafanya hivyo, jedwali lako zima la wagonjwa, vijiji kwa miezi, ni kitu kimoja. Hujumlishi namba moja moja tena. Unaandika mstari mmoja, unapata wastani wa kila kijiji.

Usiogope, dada. Huwezi kuiharibu.

Mdogo wako,
Badru

Kisumu, 2 Aprili 1996

Mdogo wangu Badru,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, Mama anatembea kidogo. Binamu yetu Zeituni alitoka Kadundo akatuletea dagaa wa omena. Mwanawe Hemedi ameota meno manne, anang'ata kila mtu.

Siku mbili mashine iliniambia haioni maktaba. Kumbe niliacha faili moja kwenye disketi. Sasa inafanya kazi. Nilipoona wastani wa vijiji tisa umetokea kwa mpigo mmoja, nilicheka peke yangu ofisini.

Lakini kijiji cha kumi, Kadundo kwa kina Zeituni, kinanishinda. Muuguzi wetu Shitanda hakufika huko miezi mitano ya mwaka jana, barabara ilikuwa maji. Kwenye karatasi pale pako wazi. Nikiacha wazi, maktaba inakataa jedwali lote. Nifanyeje? Bwana Masinde, mkuu wa mradi, anataka ripoti ya watoto wenye malaria mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Rehma

Nairobi, 13 Aprili 1996

Dada,

Salaam kwa wote. Nina mtihani kesho, nisamehe ufupi. Haikubali nafasi tupu. Weka sifuri, itakwenda.

Badru

Kisumu, 9 Julai 1996

Badru mdogo wangu,

Natumai mtihani ulikwenda vizuri. Huku tu wazima, ila Zeituni analalamika watoto wa kwao wana homa.

Ripoti ilipendwa. Bwana Masinde alinisimamisha mbele ya wageni, akasema, "Huyu mama amefanya kwa wiki moja kazi ya miezi mitatu." Kadundo imetoka na wagonjwa wachache kuliko vijiji vyote, kwa hiyo Shitanda na sanduku lake la dawa wamehamishiwa vijiji vya juu. Nimemwambia Zeituni ashukuru, kwao kuna afadhali.

Rehma

Kisumu, 22 Septemba 1996

Badru,

Hemedi amefariki. Tumemzika Alhamisi.

Alishikwa na homa Jumanne. Zeituni alimpeleka palipokuwa kituo cha Shitanda, akakuta kufuli. Akamfunga mgongoni, akatembea kwenda hospitali ya Usenge. Anasema njiani alihisi mtoto ametulia, akadhani amelala.

Niliporudi kazini nilitoa karatasi za Kadundo. Miezi saba tuliyokuwa na hesabu, kila mwezi watoto zaidi ya ishirini. Nikajumlisha kwa mkono, nikagawa kwa saba, si kwa kumi na mbili. Badru, Kadundo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Sifuri tano ndizo zilizoishusha.

Ulijua?

Rehma

Nairobi, 30 Novemba 1996

Dada Rehma,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Nilijua sifuri si sawa na kutojua. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza. Ulipaswa kuitoa ile miezi kabla ya kupata wastani, na kukueleza kungechukua ukurasa mmoja. Nilikuwa na haraka. Sikufikiria kwamba jedwali lile lilikuwa na watu.

Nakuomba, usimwambie Zeituni.

Badru

Kisumu, 18 Januari 1997

Badru,

Mama mzima.

Nilimpelekea Bwana Masinde hesabu mpya. Akasema ripoti imeshafika kwa wakubwa, tutaonekana hatujui kazi. Nikamwambia, "Basi waandikie kwamba ni mimi nisiyejua." Imechukua zaidi ya miezi mitatu. Shitanda amerudi Kadundo Jumatatu. Tangu alipoondolewa wamezikwa watoto kumi na mmoja.

Nimemwambia Zeituni. Sikuweza kula kwake nikanyamaza. Alikuwa akianika omena, hakuacha kazi. Aliniuliza, "Sifuri kwenye mashine yenu maana yake nini?" Nikasema, maana yake hakuna mtoto aliyeumwa. Akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akasema, "Wewe umekuja. Badru naye aniandikie mwenyewe, asipitie kwako."

Mwandikie. Anwani yake ni posta ya Usenge.

Dada yako,
Rehma

Kisumu, 6 Juni 1997

Badru,

Shitanda anasema kila Ijumaa Zeituni huenda posta ya Usenge. Karani akitikisa kichwa, anageuka anarudi Kadundo kwa miguu.

Leo ni Ijumaa.

Rehma